Kukua na TDAH Mjini Goma

Miongoni mwa watoto ambao walimu wa Goma huwaita watukutu, wavivu au wenye vichwa vigumu, wamo wachache ambao tabia yao haitokani na malezi mabaya wala ukaidi, bali na namna ubongo wao unavyokua, na ambao adhabu, hata ikirudiwa kila siku ya masomo, haiwabadilishi kwa sababu haigusi chanzo cha tatizo. Hali hiyo madaktari wa Kongo, waliosomea kwa Kifaransa, huitaja kwa herufi TDAH, na wenzao wa Kenya na Tanzania kwa herufi ADHD. Kwa Kiswahili inaweza kuelezwa kuwa ni upungufu wa umakini unaoandamana na utukutu uliokithiri. Dalili zake ni kushindwa kuishikilia fikra kwenye jambo moja kwa muda unaotakiwa, mwili usiotulia, na pupa, yaani kutenda au kusema kabla ya kufikiri. Kila mtoto huonyesha dalili hizi siku moja moja, na kwa hiyo kinachoitenganisha TDAH na utoto wa kawaida ni wingi wa dalili, muda wake na mahali zinapojitokeza. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 2013, unataka dalili 6 au zaidi zidumu kwa miezi 6 au zaidi, ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kama vile nyumbani na shuleni, na ziwe zinayavuruga kweli maisha ya mtoto.

Dhana kwamba hali hii ni ya nchi tajiri, iliyoletwa na televisheni na simu, haina msingi. Daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, aliwaeleza wenzake mjini London mwaka 1902 juu ya watoto wenye akili timamu walioshindwa kabisa kujizuia, miaka mingi kabla ya televisheni kuingia katika nyumba yoyote, na tafiti za mabara mbalimbali zilizokusanywa pamoja zinakadiria kuwa karibu asilimia 5 ya watoto duniani wanayo. Kongo yenyewe ina ushahidi wake. Mwaka 2005 Espérance Kashala na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule za Kinshasa, ambapo walimu waliulizwa kuhusu tabia za wanafunzi wapatao 1,200 wa umri wa miaka 7 hadi 9, na karibu asilimia 6 kati yao walionyesha dalili za TDAH. Kiwango hicho kikichukuliwa kuwa kipimo cha Goma pia, darasa la wanafunzi 60, ambalo si kubwa kwa hali ya mji huu, lina watoto watatu au wanne wa namna hiyo, na mwalimu aliyeshika chaki kwa miaka 20 amekwisha kuwafundisha wengi bila mtu yeyote kumweleza alichokuwa akikiona.

Kuhusu chanzo, tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu robo tatu ya tofauti kati ya watu katika dalili hizi inahusiana na urithi, ingawa hakuna jeni moja inayoleta hali hii peke yake, na kuzaliwa kabla ya wakati au kwa uzito mdogo huongeza uwezekano wake. Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walipima kwa picha unene wa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, wakaona kwamba kwa watoto wenye TDAH tabaka hilo lilifikia upeo wa unene katika umri wa takriban miaka 10 na nusu, ilhali kwa wenzao lilifikia upeo huo katika umri wa miaka 7 na nusu. Ucheleweshaji huo ulikuwa mkubwa zaidi katika sehemu za mbele, ambazo kazi yake ni kupanga, kungoja, kukumbuka jambo lililo mkononi na kuzuia tendo lisilofaa. Matokeo haya yana maana kubwa kwa mzazi, kwa kuwa yanaeleza jinsi mtoto wa miaka 10 anavyoweza kujua hesabu za umri wake na wakati huohuo akawa na uwezo wa kujizuia wa mtoto mdogo kuliko yeye. Inahusika pia dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za neva na kuupa ubongo hamu ya kuendelea na kazi ambayo faida yake iko mbali. Ndiyo sababu mtoto asiyeweza kumaliza zoezi la dakika kumi huunda gari la waya kwa saa mbili bila kuinua kichwa, jambo ambalo wazazi wengi hulichukua kuwa uthibitisho wa uvivu, kumbe umakini anao, ila hana uwezo wa kuupeleka anakotakiwa kuupeleka.

Darasa la Goma ni mahali pagumu kwa mtoto wa namna hii. Tangu serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo Septemba 2019, watoto waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa karo wameingia shuleni kwa wingi, na hiyo ni heri kubwa kwa taifa, lakini majengo na walimu hawakuongezeka kwa kasi ileile, na benchi lililokusudiwa watoto watatu sasa hukaliwa na wanne au watano. Sehemu kubwa ya siku ni kunakili kutoka ubaoni, kukariri kwa sauti na kungoja zamu, mambo ambayo mtoto mwenye TDAH huyashindwa kuliko yote. Isitoshe, lugha ya masomo baada ya miaka ya mwanzo ni Kifaransa, ambacho wengi hawakizungumzi nyumbani, hivi kwamba mtoto anayetazama dirishani huenda haelewi tu anachoambiwa, na mwingine huenda hasikii vizuri kwa sababu ya masikio yaliyokwisha kuugua mara nyingi. Wasichana ndio wanaosahaulika zaidi, kwa kuwa kwa wengi wao mwili hutulia na ni fikra peke yake inayotangatanga. Msichana huyo hasumbui mtu darasani, hufeli kimyakimya, na nyumbani huonekana mzembe asiyefaa kuolewa kwa sababu sombe imeungua jikoni akiwa amesimama hapohapo kando yake.

Jambo gumu kuliko yote katika mji huu ni kuitofautisha TDAH na majeraha ya vita. Mtoto wa Goma aliyezaliwa mwaka 2012, mwaka ambao waasi wa M23 waliuteka mji mwezi wa Novemba, alikuwa na umri wa miaka 8 au 9 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, akakimbia pamoja na wengine siku tano baadaye kwa amri ya kuhama iliyotolewa tarehe 27 Mei, na alikuwa na miaka 12 au 13 mji ulipotekwa tena mwishoni mwa Januari 2025, shule zikafungwa na kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zikavunjwa. Mtoto aliyepitia hayo halali vizuri, hushtuka kwa kila kishindo, hukasirika upesi na hawezi kulifuata somo, na mtu akimwona kwa nusu saa tu anaweza kusema kwa urahisi kwamba ana TDAH. Kosa la upande wa pili hutokea mara nyingi vilevile, nalo ni kuyapachika matatizo yote ya watoto wa eneo hili la Kivu jina la vita, hata yale ambayo yangekuwapo kama risasi isingalilia kamwe.

Mganga anayetaka kutenganisha hali hizi mbili huanza kwa kuuliza mtoto alikuwaje kabla ya tatizo kujitokeza, na hapo ndipo maswali yaliyotungwa katika nchi zenye amani yanapokwama, kwa sababu mtoto aliyezaliwa Masisi, akapitia Sake na kulelewa katika hema la kambi ya Bulengo hana kipindi kinachoweza kuitwa kabla. Hata hivyo zipo alama zinazosaidia. Mtoto aliyejeruhiwa nafsi huota ndoto za kutisha kuhusu jambo mahususi, hukwepa mahali au watu wanaomkumbusha jambo hilo, na umakini wake hupanda na kushuka kufuatana na hofu, kwa maana kwamba akiwa salama na watu anaowaamini anaweza kutulia. Mtoto mwenye TDAH hutangatanga hata siku ya furaha, mama yake hukumbuka kuwa alikuwa hivyo tangu alipoanza kutembea, na ndugu zake waliopitia njia ileile na mateso yaleyale hawafanani naye. Kuwalinganisha ndugu ni kipimo chepesi kisichohitaji chombo chochote, na kwa familia kubwa za Kivu kina thamani ambayo vitabu vya ng'ambo havikuitilia maanani. Mara nyingine hali zote mbili zimo ndani ya mtoto mmoja, na hapo hofu hushughulikiwa kwanza.

Yapo pia maradhi ya mwili. Malaria inayopanda kichwani huacha alama: utafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa miaka miwili baada ya kupona, mtoto mmoja kati ya wanne hivi bado alikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, hasa katika umakini. Kifafa kisicho na mtukutiko, ambacho mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache na kupotewa na fahamu, hufanana sana na kutosikiliza, na njaa na usingizi mchache huharibu umakini wa mtu yeyote.

Palipokosekana maelezo ya kitabibu, maelezo mengine hushika nafasi, na kwa mtoto asiyetulia huwa ni fimbo au pepo. Adhabu ya viboko haimfundishi mtoto mwenye TDAH kusubiri, kwa sababu uwezo wa kukumbuka adhabu ya jana wakati wa kishawishi cha leo ndio hasa uwezo aliochelewa kuupata. Humfundisha tu kwamba yeye ni mbaya, na fundisho hilo, likirudiwa kuanzia darasa la kwanza hadi la sita, humdhuru kuliko dalili zenyewe. Tuhuma ya uchawi ni hatari zaidi, maana humtoa mtoto nyumbani na kumtupa barabarani. Sheria ya nchi imelizungumza jambo hili waziwazi: kifungu cha 41 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamtishia mtuhumu kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Wachungaji wengi wa Goma ni watu wanaosikilizwa kuliko madaktari, na mchungaji anayemwombea mtoto kisha akamwelekeza mzazi kwenye kituo cha afya hufanya kazi ambayo hakuna kampeni ya serikali inayoweza kuifanya vizuri zaidi yake.

Mzazi anayetafuta msaada mjini humo anaweza kwenda kwenye kituo cha Tulizo Letu, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo na kuwapokea wenye maradhi ya akili na kifafa, lakini kituo hicho na hospitali nyingine za mji hubeba mzigo wa mkoa mzima. Dawa inayotumika zaidi duniani kwa TDAH ni methilifenidati, iliyotengenezwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1944, ambayo huongeza dopamini inayopatikana kati ya seli za neva na, kwa watoto wengi, hupunguza dalili ndani ya saa moja. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1999, lililowahusisha watoto 579 kwa miezi 14, lilionyesha kuwa dawa inayosimamiwa vizuri ilipunguza dalili kuu kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Ukweli huo haufai kufichwa kwa kuwa tu dawa iko mbali. Lakini maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena mwaka 2021, ni dawa inayodhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa 1971, na njia za kuifikisha Goma zimezidi kuwa finyu tangu uwanja wa ndege ulipofungwa Januari 2025. Dawa hii hupunguza pia hamu ya kula, kwa hiyo hata pale inapopatikana, mtoto mwenye uzito mdogo huhitaji kupimwa na kufuatiliwa kwa karibu.

Kwa bahati njema, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016, ulioandikwa kwa ajili ya wauguzi na madaktari wasio mabingwa wa akili, hauanzi na dawa. Unaanza na mzazi na mwalimu, na mengi unayoyashauri hayagharimu chochote. Wazo linalosaidia ni kwamba mpango ambao mtoto hawezi kuushika kichwani uwekwe nje ya kichwa chake, karibu na mahali na wakati wa tendo lenyewe. Mama anayemwambia mwanawe aoshe uso, achukue dumu, apitie kwa shangazi kisha ateke maji ziwani ametoa maagizo manne, na mtoto atafika ziwani bila dumu. Akimshika bega, akamtazama machoni, akampa agizo moja na kumtaka alirudie kwa sauti, uwezekano wa kutekelezwa huongezeka sana. Sifa itolewe papo hapo na itaje tendo lenyewe, kwa kuwa zawadi iliyoahidiwa mwisho wa muhula haina nguvu kwa ubongo usiokiona kitu kilicho mbali. Adhabu nayo iwe ndogo, ya haraka na isiyobadilika, kama vile kukosa mchezo wa jioni hiyo, isiwe hasira ya mwezi mzima iliyokusanywa na kumwagwa siku moja.

Darasani mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kumhudumia mmoja kama yaya, na mashauri yanayosahau hilo hayamfai. Anachoweza ni kumketisha mtoto huyo mbele, mbali na mlango, kumpa kazi za mwili zenye heshima kama kufuta ubao na kugawa madaftari, kuligawa zoezi la maswali kumi kuwa mafungu mawili, na kuruhusu darasa zima lisimame na kunyoosha viungo kati ya somo na somo, jambo linalowafaa wote. Daftari dogo linalopita kati ya mwalimu na mzazi, likiwa na mambo mawili tu ya kuangaliwa kila siku, limethibitika kuwa na manufaa katika nchi nyingi, na halihitaji zaidi ya kalamu. Mambo haya yangeweza kufundishwa katika saa chache kwenye Chuo cha Juu cha Ualimu cha Goma na katika shule za sekondari zinazowaandaa walimu wa msingi, na haifai walimu waendelee kuyagundua kwa kubahatisha. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu inaipa hoja hii nguvu, kwa kuwa inaitaka elimu imfikie kila mtu kwa namna inayomfaa.

Hata hivyo shule haiwezi kuwa kipimo pekee cha maisha ya mtoto huyu. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kaskazini mwa Kenya miongoni mwa wanaume wa Ariaal, jamii ya wafugaji ambayo sehemu yake inahamahama na sehemu nyingine imehamia vijijini kwa kudumu. Walichunguza aina moja ya jeni ya kipokezi cha dopamini, ambayo katika tafiti nyingine imehusishwa na TDAH, na wakaona kwamba wenye aina hiyo walikuwa na lishe bora kuliko wenzao walipoishi maisha ya kuhamahama, lakini walikuwa dhaifu zaidi walipoishi kijijini. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuipima TDAH yenyewe, kwa hiyo hauthibitishi kwamba hali hii ni kipaji. Unachoonyesha ni kwamba urithi uleule unaweza kumfaa mtu mahali pamoja na kumwangusha mahali pengine, na kwamba swali la mahali gani panamfaa mtoto fulani linastahili kuulizwa mapema.

Goma ina mahali pa namna hiyo. Kituo cha Don Bosco Ngangi kimewafundisha vijana wengi ufundi wa mikono, na useremala au umekanika humpa kijana kazi inayoonekana, yenye hatua fupi na matokeo ya siku ileile. Kituo cha sanaa cha Yole!Africa kimewalea vijana wa filamu, muziki na ngoma, na mazoezi ya ngoma hutaka mwili uleule ambao darasa lilitaka ukae kimya. Kumpeleka kijana huko baada ya kumfukuza shule ni kumwambia kuwa ameshindwa. Kumruhusu afanye yote mawili, asubuhi masomo na alasiri fani anayoipenda, humpa nguvu ya kuvumilia hata mitihani ya serikali. Jambo hili lina uzito wa pekee katika mkoa wenye makundi ya silaha, kwani kijana mwenye pupa, aliyezoea kuambiwa kuwa hafai, huvutwa upesi na yeyote anayemwahidi heshima kesho asubuhi.

Hali hii haiishi kwa kuota ndevu. Utukutu wa mwili hupungua, lakini kwa wengi usahaulifu, uchelewaji na pupa hubaki katika kiwango fulani, na takriban asilimia 2.5 ya watu wazima duniani huhesabiwa kuwa nayo. Uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2014 uliona kuwa watu wazima wenye TDAH walipata ajali mbaya za barabarani kwa karibu nusu zaidi ya wengine, habari inayowahusu moja kwa moja vijana wa Goma wanaoendesha pikipiki za abiria kutoka Ndosho hadi Birere wakikimbizana na mapato ya siku. Wanaofanikiwa hujiwekea nje ya kichwa kile ambacho wazazi waliwawekea utotoni: kengele ya simu kwa kila miadi, fedha kukabidhiwa kikundi cha akiba kabla hazijatumika, kazi kufanywa pamoja na mwenzi mwenye mpangilio, na ahadi kutotolewa siku ileile inapoombwa.

Kwa kuwa hali hii hurithiwa, mara nyingi mzazi anayemleta mtoto kituoni anayo yeye mwenyewe bila kujua, na hilo huamua kama matibabu yatafuatwa au la. Baba anayesahau siku ya kurudi, au mama anayepanda hasira upesi kama mwanawe, hawezi kutarajiwa kuutekeleza kwa wiki nane mpango alioelezwa mara moja kwa mdomo. Muuguzi aliyefundishwa vizuri humwuliza mzazi jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa shuleni, humwandikia mpango huo kwa maneno machache ya kubandikwa ukutani, na huomba jina la bibi, shangazi au dada mkubwa atakayeshika nusu ya kazi nyumbani.